Nani Alikuwa Akimwona Mtoto?

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa wazazi, walezi na walimu. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu wazazi, walezi, walimu, na nyinyi vijana mliojificha viti vya nyuma mkidhani siwaoni, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie watoto na ule wakati wa Korona, milango ilipofungwa. Najua wapo humu waliochoka kulisikia neno hilo. Hata mimi nimelichoka. Lakini aliyefungiwa ndani akiwa na miaka minne leo yuko darasani kwako, mwalimu. Aliyekuwa na miaka kumi na mitatu leo tunamwita mtu mzima. Na janga jingine likija, halitatuuliza kama tumepumzika.

Ilipofika katikati ya mwaka 2020, Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu wanafunzi wapatao bilioni 1.6, katika nchi zaidi ya 190, ambao masomo yao yamevurugika. Bilioni 1.6! Tukiulizwa walipoteza nini, jibu letu la haraka ni masomo. Hesabu, kusoma, mitihani. Sibishi, walipoteza masomo. Ila mimi leo nina swali jingine: katika miezi ile, nani alikuwa akimwona mtoto?

Sisemi nani alikuwa naye chumba kimoja. Watu walijaa chumba kimoja mpaka wakachokana. Nasema kumwona. Kugundua kwamba leo hajacheka. Kwamba chakula kaacha tena. Kwamba anakesha usiku na kulala mchana. Nani alikuwa akimwona?

Tuanze na kile kilichojitokeza. Mwanzoni kabisa mwa kufungiwa, watafiti waliwauliza wazazi 1,143 wa Italia na Hispania wenye watoto wa miaka 3 hadi 18: mmeona nini? Kati ya kila wazazi 100, kama 86 walisema wameona mabadiliko. Zaidi ya robo tatu walisema mtoto hawezi tena kutulia kwenye jambo moja. Zaidi ya nusu walisema kila kitu kinamchosha. Wengine wakataja hasira za karibu, mahangaiko, upweke.

Kule Hubei, mkoa wa China ambako ugonjwa ulianza kujulikana, walihojiwa wanafunzi 1,784 wa shule ya msingi ambao wastani wao wa kukaa ndani ulikuwa siku 34 hivi. Asilimia 22.6 walikuwa na dalili za sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, na asilimia 18.9 dalili za wasiwasi uliopitiliza. Darasa la pili mpaka la sita, ndugu zangu!

Mtu mzima akisikia sonona anamfikiria mtu aliyejikunyata kitandani akiangalia ukuta. Mtoto mara nyingi hajikunyati. Mtoto anarusha kiatu. Anampiga mdogo wake. Analia robo saa nzima kwa sababu ncha ya penseli imevunjika, na wewe unasema, huyu sasa amekuwa jeuri.

Na kila umri una namna yake. Yule mdogo aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza upya. Aliyekuwa akilala peke yake anataka ashikwe mkono mpaka usingizi umchukue. Watu husema anadeka. Hadeki. Amerudi pale alipokuwa salama mara ya mwisho, anasubiri huku mambo yatulie. Wa miaka minane atakwambia tumbo linauma, kila siku tumbo, na daktari haoni kitu. Hakudanganyi. Tumbo linauma kweli, kwa sababu hofu ya mtoto hukaa mwilini kabla haijapata maneno. Na huyu wa miaka kumi na mitano hatakwambia lolote. Atafunga mlango wa chumba ndani ya nyumba ambayo tayari imefungwa.

Sasa wazazi, ngoja niwachokoze kidogo. Ule uchunguzi wa Italia na Hispania ulimuuliza nani? Ulimuuliza mzazi. Na ulipochambuliwa zaidi, wazazi walioelemewa sana ndio waliotaja matatizo mengi ya watoto. Labda mtu aliyeelemewa huona kila kitu kimeharibika. Labda mzigo wa mzazi humshukia mtoto. Mimi naamini yote mawili, na hasa hili la pili. Nina sababu.

Twende London, mwaka 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mabomu yanaanguka usiku baada ya usiku. Tangu Septemba 1939 serikali ilikwisha kuanza kuwasafirisha watoto kwenda vijijini, mbali na mabomu na, kwa wengi wao, mbali na mama zao. Anna Freud, mtaalamu wa akili za watoto na binti wa Sigmund Freud, yule daktari maarufu wa mambo ya akili, pamoja na mwenzake Dorothy Burlingham, walifungua vituo vya kulelea watoto mtaa wa Hampstead. Wakakaa nao mchana na usiku, wakaandika walichokiona. Wakagundua jambo ambalo watu wengi hawakulitegemea. Watoto waliobaki mjini wakilala kwenye mahandaki pamoja na mama zao, mradi mama mwenyewe alikuwa ametulia, mara nyingi walikuwa na hali nzuri kuliko wale waliopelekwa kwenye usalama peke yao.

Mnaona? Bomu ni lilelile, sauti ni ileile. Mtoto hakulisoma bomu, alimsoma mama.

Rudi sasa kwenye miezi ya Korona. Mama kapoteza kazi. Baba anahesabu pesa zilezile mara tatu kana kwamba zitaongezeka. Babu amefariki, na kumzika hatukuruhusiwa wote. Mtoto wa miaka mitano hajui mkopo ni nini, lakini anajua baba ameacha kupiga mluzi. Nawalaumu wazazi? Hapana! Nasema kitu kingine: ukitaka kumsaidia mtoto aliyefungiwa ndani, anza na mtu mzima aliyefungiwa naye. Mzazi ambaye hakuna anayempigia simu, naye atamwona mtoto kwa macho gani?

Na kuna kutulia kwa kweli na kutulia kwa kuficha. Wangapi humu tulizima redio mtoto alipoingia? Tukanong'ona? Tukamwambia nenda kacheze, haya ni mambo ya wakubwa? Mtoto asipoambiwa hakai na nafasi tupu, anaijaza mwenyewe, na anajiweka yeye ndani yake kama mwenye kosa. Bibi amekufa kwa sababu nilimkoholea. Shule imefungwa kwa sababu nilisema siipendi. Hivyo ndivyo watoto wadogo wanavyofikiri, na hubeba mzigo huo kimya kabisa.

Tarehe 16 Machi 2020, Erna Solberg, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Norwei, alifanya mkutano na waandishi wa habari kwa ajili ya watoto tu. Maswali yalikuwa ya watoto. Mmoja akataka kujua kama anaweza kufanya sherehe ya siku yake ya kuzaliwa. Mwingine akauliza afanye nini ili asaidie. Waziri Mkuu akajibu moja baada ya jingine, na akawaambia kwamba ni sawa kuogopa wakati mambo mengi yanatokea kwa pamoja. Haikugharimu kitu. Dakika thelathini hivi za kiongozi wa nchi. Najiuliza, viongozi wangapi wengine walihutubia taifa miezi ile bila kumtaja mtoto isipokuwa kama mtu wa kunawishwa mikono?

Hilo la nyumbani tumelisema. Sasa tutoke nje ya nyumba, kwa sababu hapa ndipo kidonda kilipo.

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Mikono ile mingine ni nani? Ni mwalimu anayesema, mbona leo hujaandika kitu? Ni kocha wa mpira. Ni shangazi. Ni mama wa rafiki yako anayekuona kila jioni. Miezi ile, mikono hiyo yote iliondolewa kwa siku moja. Pale ambapo mkono mmoja uliobaki ulikuwa mwema, mtoto alivumilia. Je, pale ambapo mkono mmoja uliobaki ndio uliokuwa ukimpiga?

Marekani, wafanyakazi wa shule ni miongoni mwa wanaoongoza kutoa taarifa za watoto wanaofanyiwa ukatili. Shule zilipofungwa majira ya kuchipua ya 2020, taarifa zikaporomoka. Angalia karatasi uone: ukatili umepungua, tushangilie. Watu wanaofanya kazi ya kulinda watoto hawakushangilia. Walijua kwamba walioondoka ni waliokuwa wakiona.

Uganda ilifunga shule Machi 2020. Baadhi ya madarasa yaliitwa kwa muda katikati, yakafungwa tena, na shule zikafunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Madarasa yalipofunguliwa, wapo ambao hawakurudi. Walikuwa tayari kwenye machimbo, kwenye mashamba ya watu, kwenye biashara ndogondogo. Wapo wasichana waliorudi wakiwa akina mama. Kenya, katika kaunti ya Siaya, watafiti walilinganisha wasichana wa sekondari waliopitia kufungiwa na wale waliomaliza kabla ya Korona. Hatari ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule ilikuwa mara mbili. Hatari ya kuacha shule ilikuwa mara tatu.

Utaniuliza, mimba na afya ya akili vinahusianaje, si ulikuja kuzungumzia tabia? Nitakujibu kwa Sierra Leone. Ebola ilipofunga shule za nchi ile kwa takriban miezi tisa kuanzia mwaka 2014, wasichana wengi walipata mimba. Shule zikafunguliwa 2015. Serikali ikasema wenye mimba inayoonekana wasikae darasani na wenzao. Fikiria uko na miaka kumi na tano. Janga limekufungia, mtu mzima amekutumia, kisha mlango unapofunguliwa unaambiwa wewe baki nje. Msichana huyo akinyamaza mwaka mzima, akikataa kula, tutasema ana tatizo la tabia? Marufuku ile iliondolewa Machi 2020, mwezi uleule ambao shule za nchi hiyo zilifungwa tena, safari hii kwa Korona.

Sasa vijana wangu wa nyuma, hapa nazungumza na nyinyi, wazazi wasikilize tu.

Kijana wa umri wenu anajijua kwa macho ya rika lake. Sisi wakubwa tunalidharau hilo, tunasema makundi, tunasema mnaigana. Lakini ndiyo kazi ya umri huo: kutoka kidogo kwenye mikono ya mama na kwenda kupima wewe ni nani mbele ya wenzako. Kumfungia mtu wa miaka kumi na sita na wazazi wake mwaka mzima ni kumrudisha kule alikokuwa anatoka. Watafiti walikusanya tafiti 29 zenye watoto na vijana 80,879 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Mmoja katika kila wanne alikuwa na dalili za sonona zenye uzito. Mmoja katika kila watano, za wasiwasi. Ni kama mara mbili ya makadirio ya kabla ya janga.

Lakini nisiwadanganye kwamba wote waliumia. Wapo waliopumua! Uingereza, wanafunzi maelfu wa shule waliulizwa wanaendeleaje, na takriban theluthi moja wakasema wako afadhali kuliko kabla ya kufungiwa. Theluthi moja. Ni akina nani? Ni wale waliokuwa wakionewa shuleni na sasa hawaonewi. Ni wale waliolala vya kutosha. Ni wale ambao kwa mara ya kwanza walikula mezani na baba. Mwalimu, hilo linakuuma? Linapaswa kukuuma. Kama mtoto alichanua siku shule ilipofungwa, huko shuleni alikuwa akiishije, na nani alikuwa akimwona?

Na kuna habari ya Japani ambayo nimeifikiria sana kabla ya kuileta hapa. Katika miezi ya kwanza ya janga, vifo vya watu kujiua vilipungua nchini humo. Kati ya Julai na Oktoba 2020 vikapanda, na kwa watoto na vijana vikapanda kwa asilimia 49. Sizungumzii sana namba. Nazungumzia wakati. Shule zilikuwa zimekwisha kufunguliwa. Sisi tulidhani hatari ni mlango kufungwa, tukapumua ulipofunguliwa. Kumbe mtoto aliyekuwa amejibana miezi yote anaweza kuvunjika siku anapoambiwa, haya, kila kitu kimekwisha, kimbia uwafikie wenzako.

Najua mnasubiri niseme simu. Haya, nimesema simu. Zilizidi, usingizi ukapungua, na wapo ambao hawajaziachia mpaka leo. Lakini simu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa dirisha pekee la mtoto kuwaona rafiki zake, kwa hiyo sitapoteza jioni yenu nikiipiga mawe.

Kuna ndugu hapa mbele anatikisa kichwa. Anataka kuniuliza: kwa hiyo tusingefunga? Swali halali. Kati ya Machi 2020 na Aprili 2021, watafiti walikadiria kwamba watoto zaidi ya milioni 1.5 duniani walifiwa na mzazi, au babu au bibi waliyekuwa wakiishi naye na kumlea. Ugonjwa ule haukuwa mchezo, na mtoto aliyefiwa na mama hawezi kuambiwa kwamba kufunga kulikuwa kosa tu. Mimi siko hapa kusema tusifunge kamwe. Niko hapa kuuliza, tulipofunga, tulimfikiria nani kwanza?

Hispania ilianza kufungia watu katikati ya Machi 2020. Mtu mzima aliweza kutoka kununua chakula. Mwenye mbwa aliweza kutoka kumtembeza mbwa. Mtoto, hapana. Wiki sita! Wazazi wakaanza kuuliza kwa uchungu kwa nini mbwa anaruhusiwa na mtoto haruhusiwi. Tarehe 26 Aprili wakaruhusiwa wenye umri chini ya miaka 14: saa moja kwa siku, ndani ya kilomita moja kutoka nyumbani, wakiwa na mtu mzima mmoja. Uingereza, mwaka huohuo, baa zilifunguliwa tarehe 4 Julai, na wanafunzi wengi wakasubiri hadi Septemba. Denmaki ilifanya kinyume: tarehe 15 Aprili iliwarudisha kwanza watoto wadogo kabisa, watu wazima wengi wakiwa bado majumbani. Virusi vilikuwa vilevile, serikali zilichagua tofauti.

Basi ninachoomba kwenu ni hiki, na nakiomba kwa majina ya kazi zenu.

Walimu, shule ikifungwa tena, kabla hamjatuma kazi ya kwanza ya hesabu, gawaneni watoto. Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja wa shule ambaye ni lazima asikie sauti yake kila wiki. Asikie sauti, ujumbe wa maandishi hautoshi. Na mtoto ambaye hapatikani mara mbili mfululizo, mtu aende mlangoni akiwa na barakoa yake asimame mbali, lakini aende. Shule ikifunguliwa, msikimbizane na silabasi wiki ya kwanza. Waacheni wacheze. Waacheni wapigane kidogo na kupatana, kwa sababu hilo nalo walilisahau. Mtoto anayevuruga darasa baada ya miezi ya kukaa ndani, kabla hujaandika jina lake kwenye kitabu cha adhabu, muulize alilala saa ngapi na nani amefariki kwao.

Wazazi, wekeni saa. Saa ya kuamka, ya kula, ya kulala, hata kama hakuna pa kwenda. Semeni ukweli kwa kipimo cha umri wa mtoto, mseme na yale msiyoyajua. Na mabadiliko yakizidi wiki mbili, mtoto halali, hali, ameacha alichokuwa akikipenda, au anaanza kusema afadhali asingekuwepo, usingoje apone mwenyewe. Mpeleke kwa daktari au mshauri wa afya ya akili. Ukihofu kwamba anafikiria kujidhuru, muulize waziwazi. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kunamwonyesha kwamba kuna mtu amemwona. Usimwache peke yake siku hiyo, tafuta msaada siku hiyohiyo.

Kamati ya shule, nyinyi nawaomba karatasi moja. Nani atampigia nani, watoto gani chakula chao cha uhakika ni cha shuleni, watoto gani hamtaki wabaki nyumbani bila jicho la mtu mwingine. Majina hayo mnayo vichwani tayari. Yaandikeni sasa, wakati hakuna janga, na yatunzwe kwa siri.

Muda niliopewa umekwisha, mwenyekiti ananiangalia. Tutachukua maswali sasa. Mwenye swali la jumla asimame. Mwenye swali la mtoto wake asiliulize hapa mbele ya watu, mtoto ana heshima yake. Nitakuwa kwenye chumba cha pembeni mpaka wa mwisho atoke. Na nyinyi vijana wa nyuma, mnaweza kuja bila wazazi wenu.